Charles Goodyear: aliyeurefusha uhai wa mpira, akafa na madeni

JINA la Goodyear limeandikwa ubavuni mwa matairi ya malori mengi yanayopita Namanga, Malaba na Tunduma, na wengi hudhani ni jina la mwenye kiwanda. Sivyo. Charles Goodyear hakuwahi kumiliki kiwanda cha matairi wala kuona gari la petroli. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1898 mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, na Frank Seiberling, miaka 38 baada ya Goodyear kuzikwa. Seiberling alichukua jina hilo kwa heshima tu. Familia ya marehemu haikuhusika.

Lakini kila anayeuza au kununua hosipaipu za haidroliki, mikanda ya mashine, sili na oringi, anafanya biashara iliyoanzia kwa mtu huyu. Swali alilohangaika nalo maisha yake yote ndilo linalomsumbua mwenye tipa au kijiko hadi leo: kitu cha mpira kilicho kizuri siku ya kununuliwa kitaendelea kuwa kizuri hadi lini?

Mtoto wa muuza vyuma

Charles Goodyear alizaliwa Desemba 29, 1800 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Baba yake, Amasa Goodyear, alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa vifaa vya chuma, vikiwemo vifungo na uma za kugeuzia nyasi. Kijana alipelekwa Philadelphia kujifunza biashara ya vyuma, na mwaka 1821 akarudi kuwa mshirika wa baba yake. Mwaka 1824 alimwoa Clarissa Beecher.

Mwaka 1826 walihamia Philadelphia na kufungua duka la vifaa vya chuma vilivyotengenezwa Marekani kwenyewe, wakati ambapo wenye maduka wengi waliuza bidhaa za Uingereza. Duka lilikwenda vizuri kwa muda. Tatizo lilikuwa mkopo. Goodyear alikopesha wateja kwa wingi, wateja hawakulipa, naye akashindwa kuwalipa waliomkopesha. Kufikia mwaka 1830 biashara ilikuwa imeanguka na afya yake nayo imeharibika. Sheria za enzi hizo ziliruhusu mdaiwa kufungwa jela, na kuanzia hapo Goodyear aliingia na kutoka jela za wadaiwa mara nyingi. Angeweza kutangaza kufilisika akayaacha madeni yake nyuma. Alikataa, kwa sababu alitaka kuendelea kumiliki haki za uvumbuzi mdogo mdogo aliokuwa ameufanya na kuutumia kulipia anachodaiwa. Uamuzi huo ulimgharimu maisha yake yote.

Bidhaa zilizozikwa

Miaka ya mwanzo ya 1830 ilikuwa ya homa ya mpira Marekani. Utomvu mkavu wa miti ya Brazil uliingia bandarini, na wenye mitaji wakaona utajiri: viatu visivyoingiza maji, makoti ya mvua, maboya. Mojawapo ya kampuni zilizotangulia ilikuwa Roxbury India Rubber Company, karibu na Boston, iliyoanzishwa mwaka 1833. Hisa zake zilinunuliwa kwa pupa.

Mwaka 1834 Goodyear aliingia katika duka la kampuni hiyo mjini New York, akaona boya la kujiokolea lenye vali mbovu ya kujazia hewa. Alikwenda nyumbani akabuni vali bora, kisha akarudi kuiuza. Meneja aliisifia kazi yake lakini akamweleza ukweli ambao wenye hisa walikuwa hawajausikia. Vali haikuwa shida. Shida ilikuwa mpira wenyewe. Wakati wa baridi uligeuka mgumu kama ubao na kupasuka. Wakati wa joto ulilainika, ukanata na kunuka vibaya. Bidhaa zilizouzwa zilikuwa zinarudishwa, zenye thamani ya maelfu ya dola, na uvundo wake ulikuwa mkali kiasi kwamba zilichimbiwa mashimo na kufukiwa.

Ni vyema kuitazama hasara ile kwa jicho la kibiashara. Kampuni haikuuza bidhaa feki. Iliuza bidhaa iliyofanya kazi dukani, ikafanya kazi mwezi wa kwanza na wa pili. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kuhusu mwezi wa nane. Bei ilikuwa imekwisha kupangwa, faida imekwisha kugawanywa, ndipo joto la majira ya kiangazi likafika.

Maabara ya jela na jikoni

Goodyear hakuwa mkemia. Hakuwa na elimu ya chuo, na alichokijua kuhusu kemia ni kile alichookota njiani. Aliporudi Philadelphia, mdai mmoja alimfunga jela, na inasimuliwa kuwa ni humo ndani alikoanza majaribio, baada ya kumwomba mkewe amletee mpira ghafi na mti wa kusukumia chapati. Mpira ghafi ulikuwa rahisi kupatikana wakati ule, kwa sababu soko lake lilikuwa limeporomoka.

Fikra yake ya kwanza ilikuwa ya mpishi. Kama mpira unanata, achanganye unga mkavu utakaonyonya ule unyevunyevu. Alitumia magnesia, na mpira ukawa mweupe na mkavu. Familia nzima ikakaa jikoni kutengeneza mamia ya jozi za viatu vya mvua. Kabla ya kuviuza, kiangazi kikaingia na viatu vikawa uji. Majirani walilalamika harufu, naye akahamia New York.

Huko alijaribu chokaa, na baadaye asidi ya nitriki. Asidi ilitoa matokeo ya kupendeza: ngozi ya juu ya mpira ikawa laini, kavu, isiyonata. Siku moja gesi ya majaribio yake ilijaa chumbani nusura imuue. Mwaka 1837 alipata hataza ya njia hiyo na mshirika mwenye fedha, lakini mtikisiko mkubwa wa uchumi wa mwaka huo ulimfilisi mshirika, na familia ya Goodyear ikajikuta inaishi katika kiwanda cha mpira kilichotelekezwa kisiwani Staten, ikila samaki waliovuliwa bandarini.

Mifuko ya posta

Tukio linalofuata ndilo ambalo mtu wa spea angepaswa kulikumbuka kila anapofungua stoo yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1830, akiwa amehamia upande wa Boston, Goodyear alipata oda kutoka serikalini ya mifuko 150 ya kubebea barua. Ilikuwa oda ya kumtoa kwenye umaskini. Aliitengeneza kwa njia yake ya asidi, ikatoka mizuri, akaitundika kwa mishikio yake ndani ya chumba chenye joto, kisha akasafiri na familia kwa muda mfupi. Aliporudi, mifuko ilikuwa imeyeyuka. Mishikio ilikuwa imekatika kwa uzito na mifuko imeanguka sakafuni. Hakuna mtu aliyekuwa ameitumia hata mmoja.

Sababu ilikuwa rahisi baada ya kujulikana. Asidi iligusa ngozi ya juu tu. Kwenye kitambaa chembamba ilitosha, lakini kwenye mfuko mnene ndani mlibaki mpira ghafi uleule wa Roxbury, umevikwa koti zuri. Macho na vidole vya mnunuzi visingeweza kuugundua.

Hosipaipu ya haidroliki huzeeka kwa namna inayofanana na hiyo, na ndiyo maana kuitazama kwa nje hakutoshi. Ina tabaka tatu. Ndani kabisa kuna mrija wa mpira unaobeba oili. Katikati kuna waya za chuma zilizosukwa au kuzungushwa, ambazo ndizo zinazobeba presha. Juu kuna koti la mpira la kulinda waya. Hosipaipu ya nusu inchi yenye sokota mbili za waya, ile inayoandikwa 2SN, hufanya kazi hadi bar 275 na hutengenezwa isipasuke kabla ya mara nne ya kiwango hicho. Lakini hizo ni hesabu za hosipaipu mpya. Koti likichubuka, maji hupenya na waya kuota kutu taratibu bila kuonekana. Mrija wa ndani ukikauka hupasuka nyufa zisizoonekana hadi fitingi ianze kutoa jasho la oili. Wakati huo koti la nje linaweza kuwa bado jeusi na linang'aa.

Na kama mifuko ya posta, hosipaipu huzeeka hata ikiwa imekaa rafuni. Joto, mwanga wa jua, na hewa ya ozoni inayotolewa na mota za umeme na mashine za kuchomelea hushambulia mpira uliolala sawasawa na ule ulio kazini. Kwa sababu hiyo watengenezaji huandika tarehe kwenye koti lenyewe, mara nyingi kwa robo ya mwaka: 2Q19 ni robo ya pili ya mwaka 2019. Wajerumani, kwa utaratibu wao wa DIN 20066, huhesabu kuwa mpira wa roli usiwe umezidi miaka 4 siku unapokatwa na kubanwa fitingi, na hosipaipu iliyokamilika isizidi miaka 6 kwa jumla, ikiwemo isiyozidi miaka 2 ya kukaa stoo. Wamarekani katika mwongozo wao wa SAE J1273 huruhusu miaka 10 ya stoo tangu kutengenezwa, kwa sharti kwamba imehifadhiwa vizuri na inakaguliwa kabla ya kutumika. Tofauti ya tarakimu hizo ni kubwa, na mnunuzi anayevusha mzigo mpakani anapaswa kujua muuzaji wake anahesabu kwa kipimo kipi. Roli lililoshuka bei ghafla mara nyingi lina sababu iliyochapwa ubavuni mwake.

Salfa na jiko

Huko Woburn, karibu na Boston, Goodyear alikutana na Nathaniel Hayward, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha mpira aliyekuwa akichanganya mpira na unga wa salfa na kuuanika juani. Mpira wa Hayward ulikuwa mkavu kuliko mingine, ingawa nao ulikuwa wa ngozi ya juu tu. Goodyear alinunua haki ya njia hiyo, na hataza ya Hayward ilitoka mapema mwaka 1839.

Majira ya baridi ya mwaka huo, kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiligusa jiko la moto. Masimulizi ya jinsi kilivyofika pale yanatofautiana, na mwenyewe hakupenda kazi yake ya miaka mitano iitwe bahati. La muhimu ni kile alichokiona. Mpira wa kawaida ukiguswa na moto huyeyuka. Huu ulikauka ukawa kama ngozi ya mnyama iliyounguzwa, na pembezoni mwa sehemu iliyoungua palikuwa na ukingo mwembamba usioungua wala kunata. Alikipigilia msumari nje kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi kilikuwa bado kinapinda.

Sasa inafahamika kilichotokea. Mpira ni nyuzi ndefu mno za molekuli zinazoteleza zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana joto huufanya uji. Salfa ikipashwa moto hujenga vidaraja kati ya nyuzi hizo, nazo zikafungamana kuwa kama wavu mmoja. Wavu hunyooka na kurudi, lakini hauyeyuki. Goodyear hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba joto, adui aliyeyeyusha kila kitu chake kwa miaka mitano, likipewa salfa linageuka dawa.

Tatizo likawa kiasi. Joto kidogo, mpira unabaki ghafi. Joto jingi, unaungua. Alijaribu kwenye jiko la mkewe baada ya mikate kutoka, kwenye birika la mvuke, kwenye majivu ya moto, kwenye matanuri ya viwanda vya watu kila alipopata ruhusa. Mwishowe alifikia mvuke wenye presha, kiasi cha nyuzi 130 za Selsiasi, kwa saa nne hadi sita. Iliwachukua yeye na familia yake miaka kufika hapo, nayo ndiyo ilikuwa miaka mibaya kuliko yote. Samani ziliuzwa. Inasimuliwa kuwa hata vitabu vya shule vya watoto viliuzwa kwa dola tano. Watoto wake kadhaa walifariki wakiwa wadogo. Majirani walimwona ana kichaa, na si ajabu, maana alitembea amevaa koti, kofia na viatu vya mpira akiwahubiria watu habari zake. Shemeji yake, William De Forest, ndiye aliyetoa fedha nyingi zaidi kumwokoa.

Jambo lile la kiasi halikwisha kiwandani. Mpira uliopikwa kwa salfa huendelea kupikika maadamu unapata joto. Hosipaipu nyingi za kawaida zimepangiwa oili isiyozidi nyuzi 100. Mashine yenye kipozeo kilichoziba kwa vumbi, inayofanya kazi mchana kutwa Dodoma au Turkana, huirudisha hosipaipu kwenye tanuri la Goodyear kila siku: nyuzi za mpira zinaendelea kufungwa, oksijeni inazila, vilainisho vinatoka, na mrija wa ndani unakuwa mgumu. Mafundi huhesabu kwa makadirio kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango kilichoandikwa hukata nusu ya uhai uliobaki. Hosipaipu inayolia kama ubao ikipindwa imekwisha, hata kama haijatoa tone.

Lipo jambo moja ambalo si haki kumpa Goodyear. Mpira wake ulikuwa wa utomvu wa mti, na mpira wa asili hauivani na oili ya madini. Huvimba na kulegea. Mrija wa ndani wa hosipaipu za oili hutengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao nitrili, uliogunduliwa Ujerumani miaka ya 1930, na koti la nje mara nyingi ni neopreni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1931. Lakini nitrili nayo hupikwa kwa salfa, kwa joto na kwa muda, kama alivyofanya yeye. Kabla yake, Philadelphia aliyoishi ilikuwa maarufu kwa mabomba ya zimamoto ya ngozi ya ng'ombe yaliyofungwa kwa ribiti za chuma, ambayo yalihitaji kupakwa mafuta mara kwa mara yasikauke.

Hataza na wezi

Hataza ya Marekani, namba 3633, ilitolewa Juni 15, 1844. Kwa mtu mwingine hapo pangekuwa mwisho wa shida.

Goodyear alikuwa amechelewa. Kabla ya kuandikisha Uingereza, vipande vya mpira wake vilikuwa vimepelekwa huko mwaka 1842 kutafuta wanunuzi. Vilimfikia Thomas Hancock, mtaalamu mkubwa wa mpira wa Uingereza, ambaye naye alikuwa akitafuta dawa ya tatizo hilohilo kwa miaka. Hancock aliona dalili za salfa juu ya vipande hivyo. Alifanya majaribio yake, akaandikisha maombi London Novemba 1843, wiki chache kabla ya maombi ya Goodyear. Rafiki yake, William Brockedon, akaipa njia hiyo jina la vulkanizesheni, kutokana na mungu wa moto wa Warumi. Goodyear alipeleka mgogoro mahakamani na kushindwa mwaka 1855. Hancock alikuwa mvumbuzi wa kweli mwenye kazi kubwa ya miaka mingi, lakini ni vigumu kuamini angefika pale bila vile vipande.

Funzo la mfanyabiashara hapa liko wazi kiasi kwamba halihitaji kuelezwa: sampuli ilivuka mpaka kabla ya karatasi.

Nyumbani Marekani walionakili walikuwa wengi. Mkubwa wao alikuwa Horace Day, na kesi yao ilisikilizwa Trenton, New Jersey, mwaka 1852. Waliokuwa wamenunua leseni za Goodyear walichanga fedha na kumwajiri Daniel Webster, aliyekuwa wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, kwa dola 15,000, ada kubwa mno kwa wakili wa enzi hizo. Upande wa Day ulisimamiwa na Rufus Choate, naye bingwa. Goodyear alishinda.

Ushindi huo uliwafaidi zaidi wenye viwanda. Goodyear alikuwa ameuza leseni kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila mara alihitaji fedha za jaribio linalofuata. Aliona mpira katika kila kitu: noti za benki, bendera, ala za muziki, matanga ya meli. Kitabu chake kuhusu mpira, kilichotoka miaka ya 1853 hadi 1855, kilikuwa na nakala zilizochapwa juu ya kurasa za mpira. Mdogo wake, Nelson, alipata hataza ya mpira mgumu mwaka 1851, ule uliotumika kwa vitana, kalamu na baadaye vifaa vya umeme.

Medali gerezani

Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 Goodyear alijenga banda ambalo kila kitu ndani yake, kuanzia samani hadi mapambo ya ukutani, kilikuwa cha mpira. Liligharimu takribani dola 30,000. Mwaka 1853 Clarissa alifariki wakiwa Uingereza, na mwaka uliofuata Goodyear alimwoa Fanny Wardell. Mwaka 1855 alifanya maonyesho mengine makubwa zaidi Paris, yaliyogharimu takribani dola 50,000.

Hataza yake ya Ufaransa ilifutwa kwa kasoro za kisheria, malipo ya leseni yakakatika, na wadai wakamkamata. Desemba 1855 alikaa siku 16 katika gereza la wadaiwa la Clichy. Akiwa humo, mwanawe alimletea medali kuu ya maonyesho na Nishani ya Legioni ya Heshima iliyotolewa na Mfalme Napoleon III.

Alirudi Marekani akiwa anatembea kwa magongo. Miaka ya kufanya kazi na risasi, asidi na moshi ilikuwa imemmaliza. Mwaka 1858 serikali iliongeza muda wa hataza yake kwa miaka 7, naye akaendelea na majaribio Washington.

Katikati ya mwaka 1860 alipata habari kwamba binti yake anaumwa sana New Haven. Alisafiri kwenda kumwona. Alipofika New York aliambiwa kwamba binti amekwisha kufa. Alizidiwa hapohapo, akapelekwa Hoteli ya Fifth Avenue, na Julai 1, 1860 akafariki, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa New Haven katika makaburi ya Grove Street. Madeni aliyoacha yalikuwa takribani dola 200,000.